Kijana, Huo Uvimbe Usiufiche



Leo si neno la asubuhi la kawaida. Wale ambao watoto wenu huchezea simu, someni kwanza wenyewe. Na wale watakaosema mchungaji amekosa adabu, nisameheni mapema, kisha msome hadi mwisho.

Nazungumza na vijana wa kiume, kuanzia miaka kumi na mitano hadi arobaini hivi, na ninazungumza juu ya korodani. Ndiyo, nimezitaja. Mungu aliziumba pamoja na macho na mikono, wala sioni mahali popote katika Maandiko ambapo aliona haya kwa sababu yake. Haya ni yetu sisi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana aliyepiga ngoma kanisani kwetu hapa Nakuru. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Siku za wiki alikuwa mtu wa bodaboda, Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kupanga vyombo. Usiku mmoja wa kesha, saa tisa hivi, watu wengine wakiwa wamesinzia kwenye viti, alinijia kando ya madhabahu akasema, "Pasta, nina uvimbe." Nikamwuliza wapi. Akatazama chini. Nikaelewa.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hicho ndicho kinachonifanya niandike. Sikumwuliza ameuona lini. Sikumwuliza kama ameenda hospitali. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Kuna dhambi unataka kuungama?"

Akasema hapana, pasta. Na mbele za Mungu nasema ukweli: sikumwamini sana. Nikampaka mafuta, nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikakemea, nikamwambia aamini kwamba imekwisha. Akasema amina, akarudi kwenye ngoma zake. Miezi mitano hakunitajia tena jambo hilo, nami nikahesabu kimya chake kuwa ushuhuda.

Aliporudi alikuwa anaumwa mgongo, akidhani ni kwa sababu ya pikipiki, na alikuwa na kikohozi kisichoisha. Walipompiga picha ikaonekana ugonjwa umeshafika tumboni na kwenye mapafu. Saratani ya korodani. Tukachanga, tukafanya harambee, akaanza dawa akiwa amedhoofika sana. Tulimzika mwezi wa nane. Jioni ya mazishi, wageni wakiwa wanaondoka, mama yake aliniuliza swali moja tu, na hakuwa na hasira: "Pasta, wewe alikuwa amekuambia?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Aliniambia." Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuwasaidia wenzake kuosha vyombo.

Mama huyo bado ni mshirika wetu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akasema niandike bila jina.

Nisikilize vizuri hapa, maana sitaki kumtisha mtu. Saratani hii si ya kawaida. Wanaume wa Kenya wanasumbuliwa zaidi na saratani ya tezi dume na ile ya umio, na sisi Waafrika kwa jumla tunaipata saratani ya korodani mara chache kuliko watu wa Ulaya ya Kaskazini. Lakini ina tabia mbili ambazo kila kijana anapaswa kuzijua. Ya kwanza, haingoji uzee. Saratani nyingi humtafuta mtu akiwa na mvi, lakini hii humtafuta kijana, wakati ambapo hakuna mtu anayefikiria saratani, yeye mwenyewe wala mchungaji wake. Ya pili, ni mojawapo ya saratani zinazotibika vizuri kuliko karibu zote. Kabla ya miaka ya 1970, mtu aliyekuwa nayo ikiwa imesambaa mara nyingi alikufa. Mwaka 1974 Dkt. Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, akaanza kutumia dawa ya sisplatini pamoja na nyingine, na mambo yakageuka. Leo katika nchi zenye matibabu kamili, zaidi ya wanaume 95 kati ya 100 wanaopatikana nayo wako hai miaka mitano baadaye. Dawa hiyo inatumika hata hapa kwetu Kenya.

Vijana wa mpira, mnamjua Sébastien Haller wa Ivory Coast. Julai 2022 alikuwa amesajiliwa na Borussia Dortmund majuzi tu, yuko kambini Uswisi na wenzake, akajisikia vibaya. Akapimwa, ikapatikana saratani ya korodani. Alikuwa na miaka 28. Alifanyiwa operesheni mbili na awamu nne za kemotherapi. Januari 2023 akarudi uwanjani. Tarehe 4 Februari 2023, ambayo ni Siku ya Saratani Duniani, akafunga goli lake la kwanza la ligi akiwa na Dortmund, dhidi ya Freiburg. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2024, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Abidjan, dakika ya 81, ni yeye aliyenyoosha mguu Ivory Coast ikaifunga Nigeria mabao mawili kwa moja. Wengi wenu mlipiga kelele usiku ule. Je, mlijua mnamshangilia mtu aliyeondolewa uvimbe mahali ambapo hamtaki hata kupataja?

Na hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 2022 wachezaji wengine watatu wa ligi kuu ya Ujerumani walipatikana na ugonjwa huo: Timo Baumgartl, Marco Richter na Jean-Paul Boëtius. Wote wanne walirudi kucheza.

Kuna mtu atasema, "Pasta, hao wana pesa." Ni kweli, nami sitalipuuza hilo. Haller alikuwa na klabu yenye madaktari wake. Mpiga ngoma wangu alikuwa na pikipiki ya mkopo. Lakini ile miezi mitano haikuchukuliwa na umaskini. Niliichukua mimi.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiwauliza vijana, mmoja mmoja, tukiwa tumeketi kwa chai: ukipata uvimbe huko chini, utamwambia nani? Karibu wote hucheka kwanza. Kisha wananiambia mambo ambayo yamenifundisha kuliko vitabu vya chuo cha Biblia.

Mmoja alinijibu moja kwa moja: "Nikikuambia wewe, utadhani nimezini." Hapo ndipo penye kidonda. Tumehubiri usafi kwa miaka mingi, na ni vizuri, nitaendelea kuuhubiri. Lakini tumefanya sehemu moja ya mwili wa kijana iwe na maana moja tu, dhambi, kiasi kwamba ikiugua, ugonjwa wenyewe unakuwa kama mashtaka. Kijana mzinzi huenda kliniki haraka, maana anajua cha kushuku. Yule aliyejitunza ndiye anayejificha, akiogopa kufikiriwa vibaya kwa jambo ambalo hakulifanya. Jamani, saratani hii si ugonjwa wa zinaa. Haitokani na kulala na mtu, na haiambukizwi.

Mwingine alisema nyumbani kwao mwanamume akivimba huko, watu husema amefungwa kwa sababu ya mke wa mtu. Kwa hiyo akionekana anatembea kwa shida, kijiji kizima kinatafuta ni mke wa nani. Nimecheka na kuhuzunika pamoja. Mashetani yapo, naamini hivyo na nimeyakemea. Lakini si kila uvimbe una mganga nyuma yake, na kijana asilazimike kufa ili athibitishe kwamba hakuiba mke wa jirani.

Hofu ya tatu ni ya ndani zaidi, na wachache huisema kwa sauti. Wakiniondoa moja, nitakuwa mwanamume? Nitaoa? Nitapata mtoto?

Jibu la daktari ni rahisi: korodani moja yenye afya kwa kawaida inatosha. Inatosha kwa watoto, inatosha kwa ndevu na sauti, inatosha kwa ndoa. Kama itabidi upate kemotherapi, mwulize daktari mapema kuhusu kuhifadhi mbegu kabla hujaanza dawa, maana dawa hizo zinaweza kuathiri uzazi. Usingoje wakuulize wao.

Jibu la Neno ni hili. Katika Kumbukumbu la Torati 23 kuna sheria iliyomfungia nje ya kusanyiko mwanamume aliyeumizwa sehemu hizo. Najua kuna wanaoisoma na kutetemeka. Lakini usiishie hapo, endelea mpaka Isaya 56. Pale Mungu anamwita towashi, yule aliyejiona mti mkavu, anamwahidi nafasi ndani ya nyumba yake na jina linalopita lile la kuwa na wana na mabinti. Kisha nenda Matendo 8, uone malaika wa Bwana anamtuma Filipo katika njia ya jangwa kwa sababu ya nani? Towashi wa Kushi, ndani ya gari lake. Alibatizwa siku hiyohiyo, wala hakuna aliyemwuliza ana ngapi.

Sasa namna ya kujikagua. Kanisani kwetu tuna mama mmoja afisa wa kliniki. Alinifundisha bila kuona haya hata kidogo, mimi ndiye niliyekuwa natoka jasho. Naandika kama alivyonieleza.

Fanya baada ya kuoga maji ya moto, hata kama ni ya beseni, kwa sababu ngozi ya mfuko inakuwa imelegea. Simama. Shika korodani moja kwa mikono miwili, vidole gumba juu na vingine chini, uizungushe polepole bila kuibana, kama mtu anayepapasa yai asilotaka kulivunja. Kisha nyingine. Haichukui hata dakika mbili. Inatakiwa uhisi kitu laini kwa juu, kigumu kiasi, kisicho na kinundu. Nyuma yake utahisi kitu kama kamba laini. Usikimbie! Hiyo ni mirija inayohifadhi mbegu, uliumbwa nayo. Vijana wengi wakiigusa mara ya kwanza hukosa usingizi wiki nzima. Pia ni kawaida moja kuning'inia chini kuliko nyingine, au kuwa kubwa kidogo.

Unachotafuta ni kile ambacho hakikuwepo. Kinundu kigumu, hata kikiwa kidogo kama punje ya njegere. Korodani iliyovimba au kubadilika umbo. Uzito ambao huuelewi. Maumivu ya chinichini kwenye kinena au chini ya tumbo. Wakati mwingine hata matiti kuvimba au kuuma. Na shika hili: mara nyingi kinundu cha saratani hakiumi. Ndivyo kinavyodanganya. Mpiga ngoma wangu aliniambia usiku ule, "Lakini hauumi, pasta," na wote wawili tulifarijika kwa neno hilo.

Ikiwa ulizaliwa na korodani ambayo haikushuka, hata kama ilirekebishwa utotoni, wewe uwe mwangalifu zaidi. Mwulize mama yako, yeye atakumbuka. Vivyo hivyo ikiwa baba au ndugu yako aliwahi kuupata ugonjwa huu.

Je, ni kila mwezi? Wengi hufundisha hivyo. Kuna wataalamu wengine, nao ni watu makini, wanaosema hakuna ushahidi kwamba kufuata kalenda kunaokoa maisha, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni nadra na hutibika, na kujipapasa sana kunaweza kumjaza mtu hofu. Mimi sitagombana na daktari juu ya kalenda. Ninachosema ni kwamba ujue mwili wako ulivyo ukiwa mzima, ili siku ukibadilika ujue. Tarehe ya kwanza ya mwezi inakumbukwa kirahisi, hata kodi ya nyumba hulipwa wakati huo.

Jambo moja la haraka ambalo si saratani: ukishikwa na maumivu makali ya ghafla huko chini, pengine na kutapika, usingoje kupambazuke. Inawezekana korodani imejisokota na damu haipiti, na unazo saa chache tu, kama sita hivi, kabla haijaharibika. Hata kama ni katikati ya kesha, toka. Nitakuombea ukiwa kwenye gari.

Vinundu na uvimbe mwingi si saratani. Kuna busha, kuna ngiri, kuna mishipa iliyovimba, kuna maambukizi ya kawaida yanayotibiwa kwa dawa. Lakini si wewe wa kuamua ni kipi, si yule wa duka la dawa, na hakika si mimi. Daktari ataagiza altrasaundi, mashine ileile inayoangalia watoto tumboni mwa mama zao, haina uchungu. Atachukua na damu. Akishuku kweli, ataeleza kuhusu operesheni, ambayo hupitia kwenye kinena. Na tafadhali, jisajili SHA na ulipe ukiwa mzima. Harambee ya kanisa ina mipaka, nawaambia kama mtu aliyezisimamia nyingi.

Najua wako wanaosoma haya na kusema, "Pasta amepoa, imani imemwisha." Wengine watanitajia Mfalme Asa, aliyeugua miguu akawategemea waganga, akafa. Msome tena. Kosa lake lilikuwa kumwacha Bwana nje kabisa. Mbona hamnitajii Hezekia? Yule alikuwa ameshapewa neno na nabii kwamba ameongezewa miaka kumi na mitano. Ahadi imetoka kinywani mwa Mungu! Na bado Isaya akaagiza walete tini, waziweke juu ya jipu. Kama imani ingetosha kuidharau dawa, nafasi ilikuwa ile.

Na yule mwenye ukoma katika Mathayo 8, je? Yesu alimgusa akatakasika papo hapo. Kisha akamtuma kwa kuhani, kule ambako kwa sheria ya Musa ngozi ilikaguliwa kwa macho, na kukaguliwa tena. Bwana hakuogopa muujiza wake ukapimwe. Kwa nini mimi niliogopa? Ningemwambia kijana wangu, "Nimekuombea, sasa Jumatatu twende pamoja wakaangalie," ningekuwa nimepunguza nini katika imani? Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Ningepoteza asubuhi moja na mafuta ya gari.

Wachungaji wenzangu, naomba niseme nanyi kidogo. Kijana akikuambia kuhusu mwili wake, ameshapigana vita kubwa kabla ya kukufikia. Usianze na dhambi. Uliza ni lini ilianza, uliza kama daktari ameona, omba, kisha mpigie simu siku ya tatu uulize amefika wapi. Usimwachie kimya chake kikujibu.

Na makanisa yetu mengi siku hizi huchukua wavulana kwa tohara likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Tunawaweka pamoja siku kadhaa, tunawafundisha kuheshimu mama zao, kuogopa Mungu, kuweka akiba, kukaa mbali na pombe. Kwa miaka mingi nimefundisha masomo hayo. Wavulana wako pale, jambo lenyewe ndilo lililowaleta, na hatujawahi kuwaambia sentensi moja kuhusu korodani zao. Mwaka uliopita tuliongeza somo la nusu saa. Mzee mmoja wa kanisa alitoka nje kwa hasira. Baadaye alinipigia simu usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama somo hilo linafaa pia kwa mtu wa miaka hamsini. Nikamwambia mzee, njoo tuongee, na suala la tezi dume lako pia linakungoja.

Akina mama na dada, msicheke ndugu zenu wakiwauliza. Mke ukigundua jambo, sema. Mama ukimwona mwanao anatembea vibaya, usianze na "umetoka wapi."

Jumamosi hii saa nane mchana, chumba cha shule ya Jumapili, nyuma ya kanisa, ni wanaume peke yao. Yule mama afisa wa kliniki atakuja na mwenzake wa kiume, pamoja na mifano ya plastiki ya kufundishia. Atakayetaka kuongea nao faraghani kuna chumba cha pembeni, na majina hayaandikwi. Walio mbali, kituo cha afya kilicho karibu nawe kinatosha kuanzia. Chai itakuwepo. Mimi nitakuwa mlangoni kuwakaribisha, na sitamwuliza mtu yeyote swali lolote.